Ilunga Hakutoka Majini

Yaya,

Sikuandikii kukujulia hali, kaka yangu. Kama hali yako ingejulikana, barua hii isingehitajika. Nakuandikia kwa sababu nimeiona ile filamu mpaka mwisho wake, na hasira niliyotoka nayo sijui pa kuiweka. Ofisini haiwezekani, mimi ni karani, kazi yangu ni kunyamaza na kutokosea. Nyumbani haiwezekani pia, maana mama anasikia hata kijiko kikiwekwa vibaya. Basi naiweka hapa, na anayetaka kuisoma aisome. Nusu ya mtaa wetu wa Shituru ilikuwepo siku uliyodanganya, hakuna ubaya ikiwepo na leo.

Unajua ni filamu gani. Jina lake halisi hatukulijua kamwe, kwa sababu jalada la diski lilipotea kabla diski yenyewe haijatufikia. Wewe uliiita "Ilunga", na jina likashika.

Unakikumbuka chumba cha video nyuma ya kinyozi: ukuta mmoja uliopakwa chokaa badala ya skrini, mabenchi yaliyochana suruali za watu, jenereta ikinguruma nje, na wewe kwenye kiti cha plastiki kando ya spika, mikrofoni mdomoni. Filamu zilikuja kwa Kifaransa, nyingine kwa lugha ambazo hata wewe hukuzijua, na ulizitafsiri zote. Watu walikuja kukusikiliza wewe. Picha zilikuwa kisingizio.

Kwa ambao hawakuwepo, filamu ni hii. Kuna nchi ya baridi na mji mdogo kando ya ziwa la bwawa. Mwaka mmoja maji yanashuka kupita kiasi, na chini ya ziwa unaonekana mlango wa chuma uliolala kwenye tope, mlango ambao hakuna aliyeujenga. Wafanyakazi wa bwawa wanateremka kuuangalia. Unafunguka, wanaingia, unafungwa nyuma yao. Kati yao yumo mume wa mhandisi wa bwawa, mwanamke mwenye koti la njano. Baada ya muda watu wale wanaanza kurudi. Asubuhi mtu anakutwa amesimama ukingoni, nguo kavu, anatabasamu. Anajua jina lake, anajua wimbo aliokuwa akimwimbia mtoto, anajua ufunguo wa nyumba unafichwa wapi. Mji mzima unafanya sherehe. Mwanamke wa koti la njano naye anarudishiwa mume wake. Anaishi naye, anamtazama akila, anamtazama akilala, na kuna kitu anakigundua ambacho filamu haikisemi. Mwishoni anapanda peke yake juu ya bwawa na kushika gurudumu kubwa la kuzuia maji, ili ziwa lijae tena na kuufunika ule mlango.

Wewe hukuwaacha wawe watu wa mbali. Mume ulimpa jina Ilunga, mke ukamwita Mama Ngoy, na ziwa ukasema ni Tshangalele, ziwa letu wenyewe. Mtu mmoja wa nyuma akakupinga.

"Bwana, Tshangalele gani iko na teluji?"

Hukusita hata kidogo. "Ile haiko teluji. Ni bunga. Lori ya bunga ilianguka."

Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Kuhusu mlango wa chuma, wewe ulisema ni ule wa gereza la Buluo, umehamishwa. Wakacheka tena, isipokuwa mzee mmoja aliyewahi kulala Buluo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa benchi la mbele, nimeshika ubao kwa mikono miwili, kwa sababu wale waliorudi na nguo kavu walinitia hofu ambayo mpaka leo sijui kuieleza. Ulifunika mikrofoni kwa kiganja, ukaniinamia na kuniita kwa jina la utani ulilonipa.

"Sekretere, usiogope. Minye njo nashika mikrofoni."

Nilikuamini, Yaya. Niliamini kwamba anayeshika mikrofoni ndiye anayeamua nani atoke na nani abaki.

Mama aliingia karibu na mwisho, amekuja kunivuta nirudi nyumbani. Alisimama mlangoni na kitenge chake cha kazi, kisha akasogea, kisha akaketi. Unamkumbuka mama wa wakati ule: aliuliza maswali kama wengine wanavyovuta pumzi. "Uyu mwanamuke analia nini? Na ule njo nani? Bwana yake? Juu ya nini hamushike mukono?" Watu walimwambia anyamaze. Wewe ulimjibu yote kwenye mikrofoni, kama sehemu ya filamu.

Kisha ukaja mkono wa mwanamke juu ya gurudumu, na mvua, na sauti ya kugonga kutoka chini ya maji. Mara tatu. Mkono ukasita. Hapo diski ikakwama.

Mwenye chumba alikipiga kisanduku cha diski kwa kiganja. Picha haikusogea, matone ya mvua yalibaki yamening'inia hewani. Watu wakaanza kunung'unika, na wewe, bila hata kumeza mate, ukaendelea kutafsiri.

"Mulisikia? Ko, ko, ko. Mama Ngoy anasema, ule bwana iko mu nyumba yangu haiko bwana yangu. Bwana yangu iko chini, njo ule anagonga. Anaacha kufunga. Anatelemuka. Anafungua mulango na mikono yake. Na Ilunga anatoka mu mayi. Nguo yote mayi, anatetemeka, iko na njaa. Anaangalia bibi yake. Munajua anamuuliza nini?"

Watu wote wakainamia mbele kuelekea picha isiyosogea.

"Anamuuliza: Mulipika nini?"

Nimesikia vifijo vya mpira, nimesikia vya uchaguzi, sijasikia tena kama vile. Mama alilia na kupiga makofi kwa wakati mmoja. Mpaka leo anasema alimwona Ilunga akitoka majini. "Nilimuona na macho yangu." Si yeye peke yake. Nimewasikia watu wazima wa Shituru wakibishana juu ya rangi ya shati alilotoka nalo, bluu au kijivu. Hakuna aliyeona shati. Walichokiona ni mkono mmoja juu ya gurudumu. Yaliyobaki uliyatia wewe machoni mwao.

Zamani jambo hilo lilinichekesha. Sasa sikiliza limefanya nini.

Simu zilikuja na filamu ndani yake, na chumba cha video kikafungwa. Leo wanasali humo, na nadhani spika ni ileile. Wewe ulikuwa na mkeo Solange tayari, na binti yenu Naomi, na ukaenda kuchimba madini na wale vijana wa mashimo. Nilikuja uani siku moja nikiwa bado na shati la ofisini. Nilikuambia shimo lenu halina nguzo hata moja, kwamba hata mimi nisiyejua kuchimba naona ukingo wake unameguka, kwamba mvua iko karibu. Ulikuwa unanawa mikono.

"Sekretere, tugawanye kazi," ulisema. "Weye uogope, minye nichimbe."

Solange alicheka. Mama alicheka. Baba Mukubwa, ambaye tangu atoke kazini kwenye reli hacheki na kitu, naye alicheka. Nilikichukia kicheko kile. Kilikuwa kizuri, ndiyo maana nilikichukia: hakuna hoja inayoweza kusimama mbele yake. Hukunijibu, ulitafsiri tu maneno yangu yakawa ya kuchekesha, kama ulivyoitafsiri teluji ikawa unga.

Mvua ikanyesha. Udongo ukateremka. Wenzako walitolewa, wengine hai, wengine hapana. Wewe hukutolewa. Waliofika kwanza walisema wamesikia kugonga kutoka chini, kisha wakasema labda ni mawe yanayojipanga. Siku iliyofuata mashine ililetwa kusawazisha, kwa sababu ukingo uliobaki ungeweza kuua wengine. Nilisimama pale na viatu vyangu vya ofisini, tope mpaka kwenye soksi. Mimi, ninayeogopa kumwomba meneja kalamu, nilimfuata mwenye mashine nikamwomba angoje. Alikuwa mtu mzuri. Alizima injini. Tukasikiliza wote, umati mzima, hata watoto. Hakukuwa na kitu. Nikamwangalia, akaniangalia, akawasha.

Sijamsimulia mtu yeyote jambo hilo. Nakusimulia wewe kwa sababu kosa ni lako: nilijua jinsi ya kusikiliza kugonga. Ulinifundisha kwamba kuna mtu anagonga.

Mama naye aliambiwa habari ya sauti zile, na hakulia. Alisema tu, "Hata Ilunga aligonga."

Unajua kwetu kilio hakianzi na padri wala na jeneza. Kinaanza mama anapokaa chini, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na wanawake wanakuja kukaa kumzunguka. Mama asipokaa chini, hakuna aliyekufa. Wanawake walikuja na mikeka yao. Mama aliwapokea akiwa amesimama, akawapa viti, akawaambia asante, mrudi salama. Kisha akaenda kupika.

Tangu siku ile anapika kama mtu mwenye mgeni. Sombe ya majani ya muhogo yenye karanga, samaki wa Tshangalele, bukari ya unga wa mahindi, laini kama ulivyoipenda. Anapakua sahani moja, anaifunika, anaiweka mezani. Utakuja na utauliza, na jibu lazima liwe zuri. Hivyo ndivyo anavyosema, kwa utulivu kabisa, huku akifuta ukingo wa sahani. Jioni Solange anaila, kwa kuwa chakula hakitupwi, na anakila akiwa amegeukia ukuta.

Solange. Umemweka wapi Solange? Hakuna kilio, basi si mjane. Hakuna mume, basi si mke. Ndugu zake walikuja kumchukua wakaambiwa wangoje. Naomi aliniambia shuleni watoto wanamwita mtoto wa mtu wa ziwani. Alinieleza kama habari njema.

Na mama ameacha kuuliza. Nilichelewa kuligundua hilo, kwa kuwa anajibu vizuri. "Ulilala vizuri, mama?" "Vizuri." "Mgongo unauma?" "Kidogo." Haniulizi kama nimekula. Haniulizi kazi inaendaje, wala kwa nini navaa koti wakati wa joto. Nilidhani ni uchovu.

Jumapili moja Baba Mukubwa alipeleka jina lako kanisani lisomwe pamoja na marehemu. Padri alilisoma. Mama alisimama katikati ya benchi, na mkoba wake mkononi.

"Padri, ile jina utoe. Hayakufa. Iko mu njia."

Padri alimtazama, akainamisha kichwa, akaenda kwenye jina lililofuata. Mama akaketi na kufungua kitabu cha nyimbo. Mimi nikajificha nyuma ya kitabu changu kama niliyekamatwa na kitu cha wizi.

Nje ya kanisa Baba Mukubwa alinishika kiwiko. "Siku ya posho bantu batakuya. Ndugu ya Solange, bantu ya Lubumbashi, bote. Mama yako atakaa chini. Weye njo utasema naye."

"Mimi? Baba Mukubwa, wewe ndiye mkubwa."

"Minye nilisema, akanipa kiti na chai. Weye ulisoma. Film ile iliharibisha kichwa yake, na film ni mambo ya bale balisoma."

"Nitamwambia nini?"

"Sijue. Unaogopa mama yako?"

Ndiyo, nilimwogopa. Nilimwogopa kuliko meneja. Maana nilielewa wazi anachoniomba: mtu wa kwanza kumwambia mama kwamba umekufa awe mimi. Na Jumamosi, ndiyo siku ya posho, ikifika, kisha mama akawapa jamaa zetu wa Lubumbashi viti na chai, wangeondoka, na hakuna ambaye angekuja mara ya pili. Solange angebaki amegeukia ukuta. Wewe ungebaki chini bila hata wimbo mmoja.

Basi nikaitafuta filamu. Mwenzangu mmoja ofisini hukusanya filamu za zamani. Nilipomweleza mlango chini ya ziwa hakuhitaji hata jina. Nilikuwa naitazama kwenye kompyuta mpakato ya ofisi saa ya chakula, sauti chini, jicho moja kwenye mlango wa meneja. Ilinichukua siku kadhaa kuimaliza, na nilipofika kwenye mkono juu ya gurudumu nilifunga kompyuta nikaenda kunywa maji.

Kisha nikaifungua.

Hateremki, Yaya. Kugonga kunakuja mara tatu, mkono unasita, uso wake unakunjamana kama karatasi, na mkono unaendelea kuzungusha. Maji yanapanda. Yanaufikia mlango, yanaufunika. Anasimama kwenye mvua akitazama ziwa tambarare, kisha anageuka na kutoka kwenye picha. Giza. Majina. Ilunga hakutoka majini. Hakuna shati la bluu wala la kijivu. Hakuna aliyeuliza mmepika nini.

Nilikutukana ofisini, kwa sauti. Mwenzangu alidhani namtukana yeye.

Niliirudia yote kutoka mwanzo, mara hii nikitafuta kile anachokigundua yule mwanamke. Nilitazama wale waliorudi. Wanaulizwa, wanajibu. Ufunguo uko wapi, uko chini ya chungu. Wimbo unaendaje, unaenda hivi. Unanipenda, nakupenda. Wote, filamu nzima, tangu wa kwanza kusimama ukingoni, hakuna hata mmoja anayeuliza swali. Mke analia mbele ya mume, na mume hasemi una nini. Hilo ndilo linalomjaza hofu, na ndilo lililonijaza mimi hofu nikiwa mtoto bila kulijua. Mlango ule hautoi watu, unatoa majibu. Unachukua kila tunachokijua kuhusu mtu na kuturudishia, umekikausha vizuri. Lakini swali la mtu hatulijui mpaka aliulize. Linatoka kwake peke yake. Mlango hauna.

Na kugonga? Hapo nimekwama. Huenda ni mume wa kweli, na mwanamke amemzamisha. Huenda ni mlango uleule umejifunza anachotamani kusikia, na unampa. Filamu haisemi. Nadhani hata yeye hajui, na anazungusha gurudumu bila kujua. Nilipoelewa hivyo niliona tena yule mtu wa mashine akiniangalia, na mimi nikimwangalia.

Halafu nikafahamu jambo lingine, na ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Wewe ulijua. Ulikaa kwenye kiti cha plastiki, ukitafsiri lugha uliyoielewa nusu, ukitupa vichekesho huku na huku, na uliliona ambalo mimi mwenye shule zangu nimelitafuta kwa siku nzima. Kwa maana ulipombuni Ilunga wa kweli ulimpa nguo zenye maji, ukampa njaa, na ukampa swali. Ulijua ni kwa swali tu kwamba tutamtambua. Mtu mwenye akili ya namna hiyo, inayoona mpaka ndani ya kitu, aliingia kwenye shimo lisilo na nguzo na kuniambia nifanye kazi ya kuogopa. Uliuona ukingo, Yaya. Usiniambie hukuuona. Uliuona kama ulivyoiona teluji.

Niliibeba kompyuta ya ofisi mpaka nyumbani mchana, chini ya koti, bila ruhusa. Baba Mukubwa alikuwa amekuja. Solange alikuwa anamsuka Naomi.

"Mama, nimeleta filamu ya Yaya."

"Niliiona."

"Utaiona tena."

Alivuta kiti, akaketi wima kama yuko kwa daktari. "Tafsiri," alisema.

Sijawahi kutafsiri kitu mbele ya watu. Nilianza kwa sauti ya mtu anayesoma bei.

"Sema na nguvu," Baba Mukubwa alisema. "Hatuko mu ofisi yako."

"Hapa ni nchi ya baridi," nilisema. "Teluji imejaa barabarani."

"Bunga," Solange alisema bila kuinua macho kutoka kwenye nywele. "Papa Naomi alisema ni bunga."

"Ndiyo. Ni bunga. Lori lilianguka."

Baba Mukubwa alicheka puani. Nikaendelea, na nikawaita kwa majina uliyowapa, kwa kuwa mama alinisahihisha nilipojaribu yale ya Kifaransa. Ilunga akaingia mlangoni. Ilunga akarudi amekauka. Mama Ngoy akamtazama akila. Sauti yangu ilianza kupata njia, na nikakuchukia kwa hilo pia, kwa sababu nilisikia ni yako.

Ukaja mkono. Ikaja mvua. Ko, ko, ko. Mama alisogea mbele kwenye kiti, na midomo yake ilikwisha kuanza kabla yangu.

"Sasa anatelemuka."

Picha haikukwama.

"Mama, hatelemuki," nilisema.

"Anatelemuka."

"Hapana, mama. Angalia mukono. Anasikia kugonga, na anafunga."

Sikujua kwamba nitasema kama nyumbani tunavyosema. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya shule. Mama aliutazama mkono. Aliutazama ukizunguka mpaka mwisho, akayatazama maji yakipanda, akautazama mlango ukipotea. Mwanamke wa koti la njano aligeuka akatoka kwenye picha. Giza. Majina yakaanza kupanda, na mama akayatazama hayo pia, mpaka la mwisho, yeye asiyesoma Kifaransa.

Solange alikuwa ameacha kusuka. Nilingoja mama anipige, au anipe kiti na chai.

"Na kisha?" mama alisema.

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Na kisha alienda wapi, ule mama?"

Yaya, tangu mvua ile mama hakuwa ameniuliza kitu. Nilimtazama uso nikaona amerudi, mzee kuliko alivyoondoka, macho yamejaa maji. Filamu haisemi. Karani mwangalifu angemwambia hivyo, filamu haisemi, mama, na angekuwa sahihi. Kompyuta ilikuwa nyeusi mbele yetu. Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Alirudia kwake," nilisema.

"Nani alikuwa kule?"

"Bantu yake. Bote. Balikuwa banamungojea."

"Balimuambia nini?"

"Habakusema kitu."

"Na yeye alifanya nini?"

Baba Mukubwa alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Alikaa chini, mama."

Mama aliitazama sakafu ya saruji kama mtu anayepima maji kabla ya kuyaingia. Alimnyooshea Solange mkono. Solange akamshika, na mama akateremka kutoka kwenye kiti taratibu, goti moja, kisha la pili, kisha akakaa, akainyoosha miguu mbele yake. Alivua kitambaa cha kichwa akakiweka pembeni.

"Minye nikikaa hapa," aliuliza, "nani atapika?"

"Kupika ni kazi?" Baba Mukubwa alisema, na sauti yake ilivunjika njiani. "Bajirani batapika."

Ndipo mama akalia. Ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na majirani waliitambua kabla yangu, maana walianza kuingia lango likiwa bado linagonga, na mikeka yao kwapani. Hawakungoja Jumamosi. Solange alikaa kushoto kwa mama, na kwa mara ya kwanza alilia akiwa ametazama watu. Naomi, nywele nusu zimesukwa, alikwenda mezani, akafunua sahani yako, akaila yote.

Jumamosi watu wa Lubumbashi walikuja na wakakuta tumekwisha kuanza. Ndugu za Solange walizungumza na Baba Mukubwa kwa heshima. Jina lako limesomwa kanisani, na mama alikuwa ameketi.

Nimeirudisha kompyuta. Hakuna aliyeniuliza, lakini bado kila meneja anapokohoa naruka kitini.

Hasira haijaisha. Watu waliniambia itapungua baada ya kilio, haijapungua. Nina hasira kwamba ulicheka. Nina hasira kwamba hukuweka nguzo. Nina hasira kwamba ulituachia mwisho mzuri namna ile, na kazi ya kuuvunja ukaniachia mimi, na kwamba nilipouvunja ilinibidi nibuni mwingine papo hapo, kwa sauti yako. Ulisema nisiogope kwa kuwa umeshika mikrofoni. Sasa nimeishika mimi, na nakuambia ukweli: anayeishika anaogopa kuliko wote chumbani. Ungeweza kuniambia.

Usije kusimama ukingoni umekauka, unatabasamu. Majibu yako yote ninayo, nimeyakariri, sihitaji hata moja. Ila kama kuna mahali ulipo, na kama ni wewe kweli, niulize. Uliza lile lile. Nitakuwa nimekasirika, lakini nitakujibu.

Ni sombe, Yaya. Na samaki wa Tshangalele.

Mdogo wako,
Sekretere